Mwenye Wimbo ni Nani?

Pale Nanganga, njia ya Ruangwa inapoachana na ile iendayo Masasi, tuliwahi kuombwa kuamua shauri la vikundi viwili vya ngoma. Kila kimoja kilidai kuibiwa wimbo. Tuliposikiliza, maneno yalikuwa mbalimbali, mahadhi yaleyale. Na mahadhi yenyewe yalitoka katika wimbo wa kuwarudisha vijana kutoka jandoni, ulioimbwa kabla ya waimbaji hao kuzaliwa. Tulishindwa kuamua, wala hatuoni haya.

Wengi husikia nyimbo mbili zikifanana, papo hapo wakatoa hukumu. Sisi tutungao mashairi twajua kwamba mizani 16 na kina kimoja vyaweza kuwafikisha watunzi wawili wasiojuana kwenye neno lile lile. Mahadhi nayo ndivyo yalivyo.

Tuutazame wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika santuri yao ya 1965, na Boney M wakauimba 1981. Lakini wapo wasemao kwamba Adam Salim aliutunga mwaka 1945, na wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Santuri yashuhudia nani aliimba. Haishuhudii nani alitunga. Asiye na santuri hubaki na kumbukumbu za jamaa zake, nazo, baada ya wimbo kuvuma miaka ishirini, hujitengeneza zenyewe. Hapo ndipo twatofautiana na wanaoifanya rekodi ya kwanza kuwa hati ya umiliki: kwa kipimo hicho mtunzi wa Newala, aliyekuwa mbali na studio za Nairobi, ameshindwa kabla ya kesi kusikilizwa.

Mwaka 1976 jaji wa New York alimwona George Harrison amenakili bila kujijua wimbo uliovuma 1963, kwa kuwa mfanano ulikuwa mkubwa na wimbo ule aliufahamu. Lakini Nanganga, ambako ngoma husikika kijiji hadi kijiji, nani atakana kwamba alisikia?

Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 yawalinda watunzi, na hata sanaa za jadi haikuzisahau. Hata hivyo mdai hana budi kuthibitisha. Kwa hiyo twawaomba maofisa utamaduni wa wilaya waandike, wimbo ungali mpya: nani kautoa, wapi, tarehe gani, na mahadhi yake kayapata wapi. Swali hilo la mwisho hatukuliuliza siku ile, na vikundi vile havikusemezana mpaka msimu wa korosho ukaisha.