Petra, Gitaa na Mzee wa Kanisa

Ukipita Kengeleni, Kisauni, Jumamosi jioni, huenda ukasikia drams zikijaribiwa kanisani. Mahali penyewe pamepata jina kutokana na kengele ya Frere Town, makazi ambayo wamishenari waliwajengea watumwa walioachwa huru miaka ya 1870. Kengele ile ilipigwa kuwaonya watu kwamba wavamizi wanakuja. Kwa hivyo chuma kinachopiga kelele kwa ajili ya imani si kitu kigeni hapa kwetu.

Gitaa la umeme lakini, hilo lilikuwa shida. Nikiwa kijana, mzee wetu wa kanisa alizima mitambo katikati ya wimbo. “Hii ni ya disko, si ya Bwana,” akasema. Wiki hiyohiyo binamu yangu, aliyekuwa kibarua bandarini, alikuja na kanda ya Petra.

Petra ni bendi ya Marekani, na jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mwamba. Mpiga gitaa Bob Hartman aliianzisha mwaka 1972 huko Fort Wayne, Indiana, na ikaendelea hadi mwisho wa 2005: miaka 33, albamu 20 za studio, waimbaji wakija na kuondoka. Kumbe hata kwao walikuwako wazee kama wetu. Walishutumiwa ati muziki wa rock huficha maneno ya shetani, yanayosikika ukiicheza sahani kinyumenyume. Petra wakajibu kwa mzaha. Kwenye “Judas' Kiss” ya 1982 waliweka maneno yaliyogeuzwa, na ukiyanyoosha unakuta wanakuuliza mbona unahangaika na shetani wakati wa kutafutwa ni Bwana.

Nimezisikiliza tena albamu zao, na sitakudanganya kwamba zote ni nzuri. Beat the System ya 1984 imejaa vinanda vya umeme, na leo inasikika kama tangazo la redio la zamani. Kisha mwaka 1986 akaja John Schlitt, mwenye sauti ya mkwaruzo, aliyewahi kuimba na bendi ya Head East. Ndugu wawili, John na Dino Elefante, wakashika kazi ya utayarishaji. Sikiliza Beyond Belief ya 1990, iliyowapa Grammy yao ya kwanza: gitaa limepewa nafasi, sauti za nyuma zimepangwa, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Imani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kazi.

Bado wana kasoro moja inayonikera. Nyimbo zao hazikai gizani. Swali likiulizwa kwenye ubeti, kiitikio kishalijibu. Zaburi hazina haraka hiyo. Nyingine zinalia hadi mwisho. Mtu wa Changamwe aliyefutwa kazi juzi anahitaji pia wimbo wa kukaa naye kwanza, kabla ya ule wa kumwambia asimame.

Nasema haya kwa sababu ya bendi zetu. Vijana hawa wanasukuma spika kwa mkokoteni hadi feri ya Likoni, wanavuka, wanapiga mkesha mzima, na Jumatatu asubuhi wako kazini, huyu yadi ya makontena, yule saluni. Wakimaliza kupiga sisi tunawaambia nini? “Mbarikiwe.” Basi, imeisha hiyo. Besi imetoka nje ya sauti, mwimbaji amefunikwa na kinanda, ubeti wa tatu ni ule wa kwanza umerudiwa, na hakuna anayefungua mdomo, kwani si wanamtumikia Mungu? Ni kama kula pilau mbichi halafu ukamwombea mpishi dua.

Huko ninakuita dharau. Tukiwapima kwa nia yao peke yake, tunawaambia kwamba muziki wao haustahili kusikilizwa. Petra hawakufika 1990 kwa kuombewa tu. Walifika kwa kukubali kuambiwa hapa hapajakaa sawa, rudia.

Mzee wetu alikosea kuzima mitambo, lakini angalau alikuwa amesikiliza. Jumamosi ijayo nitaingia pale Kengeleni. Nitawaambia kwamba besi inahitaji kukazwa, kisha nitakaa mpaka wamalize.