Mtu Kusimamishwa na Kazi Kusimama: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wetu huyapita upesi ni kitenzi kufunga. Laonekana neno jepesi. Lakini tangazo linapobandikwa langoni kwamba "kazi imefungwa kwa muda", mfanyakazi alisomaye hujiuliza mambo matatu: Je, ningali mwajiriwa? Mshahara wangu waendelea? Kazi itafunguliwa lini? Istilahi isiyomsaidia kujibu hata moja kati ya hayo ni pungufu.

Tuanze na mwambao wa Kilwa. Katika kisiwa cha Songosongo wavuvi hufunga mwamba ili pweza wapate kukua. Hapo kufunga kwaenda pamoja na kufungua: wahusika hukubaliana muda, na mwisho wake hujulikana. Matumizi hayo ni fasaha. Hata hivyo, mvuvi anayejitegemea hana mwajiri. Hasara ya kungoja ni yake, na faida ya pweza wakubwa ni yake pia. Anayelihamisha neno hilo kutoka mwambani hadi kiwandani hana budi kukumbuka kwamba huko hasara na faida haziingii mfuko mmoja.

Mkoa wa Lindi watupa mfano wa pili. Viwanda vya kubangua korosho, vikiwamo vya Lindi na Mtama, vilijengwa wakati mavuno ya nchi yalikuwa yamefikia tani 145,000 hivi, katika msimu wa 1973/74, au muda mfupi baadaye. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vilikosa korosho, vikasimama, na kusimama huko kukawa kwa miaka. Basi maneno "kwa muda" yasiyo na tarehe hayamwambii mtu kitu.

Sasa tuzipime istilahi zinazotumika maofisini. "Kusimamishwa kazi" haifai, kwa kuwa kwa mazoea ya utumishi anayesimamishwa ni mtu anayetuhumiwa. "Likizo bila malipo" haifai pia: likizo ya namna hiyo huombwa na mfanyakazi, ilhali hapa hakuomba. "Kupunguzwa" ni jambo jingine kabisa, maana ajira imekwisha. Kwa hilo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 38, yamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wahusika kuhusu njia za kuepuka upunguzaji. Kifungu cha 42 chaweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Lakini sheria hiyo ilipotungwa haikuweka utaratibu wa pekee wa kazi kusimama kwa muda. Hivyo anayeandikiwa "likizo" aweza kukaa miezi bila mshahara na bila kiinua mgongo, naye hajui kwamba kuna la kudai.

Wengine wamependekeza "kusitisha". Twaona nalo lina kasoro, kwani "kusitisha mkataba" limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuuvunja. Pendekezo letu ni kuitumia sarufi yetu wenyewe: "mwajiri amesimamisha kazi", si "amemsimamisha mfanyakazi kazi". Kiambishi kimoja, -m-, chatenganisha kazi iliyosimama na mtu aliyetiliwa shaka. Tena kauli hiyo yamtaja mtendaji, jambo ambalo "kazi imefungwa" yalificha. Ifuatwe na tarehe ya kuanza tena, pamoja na maelezo ya mshahara.

Haya si mapambo ya lugha. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno la mfasiri si kivuli tena cha neno jingine. Laweza kuwa ndilo litakalosomwa mbele ya mwamuzi. Mvuvi wa Songosongo ajua mwamba wake utafunguliwa lini. Mfanyakazi naye aandikiwe tangazo la kumjulisha hivyo hivyo.