Cherehani ya Bibi

Fundi hakuuliza ina ugonjwa gani. Aliilaza ubavu juu ya gunia, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja huku ameinamisha sikio. "Haijafa, mwanangu," akaniambia. "Mmeinywesha mafuta ya kupikia."

Kweli. Miaka nenda miaka rudi tuliitia mafuta ya jikoni tukidhani tunaitunza, nayo yakaganda ndani kama ulimbo. Ongeza chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hapa Lamu hula hata bawaba za milango.

Ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, aina ya 15K. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Kiwanda kimekwisha, na chuma chake bado kinashona kanzu za Maulidi mtaani Langoni. Umeme ukikatika, chenyewe hakina habari.

Alikaa nayo asubuhi nzima, na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Alipofungua bamba lililo chini ya sindano, akachokoa katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, likatoka donge zima la vumbi la nyuzi, limeshindiliwa kama sufi ya mto. Nililichambua kiganjani: buluu ya sare zetu za shule, nyeupe ya kanzu za babu, wekundu wa nguo nisiyoikumbuka. Sikuweza kulitupa.

Kisha ikaja kazi inayompambanua fundi na mbabaishaji. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo kando ya tundu lake, na papo hapo ncha ya ndoana hupita ikakidaka. Sindano haijapanda hata milimita 3, ndoana iwe imeshafika. Ikichelewa kidogo tu, mshono unaruka. Fundi hakuwa na kipimo. Alizungusha, akalegeza skrubu, akazungusha tena, macho hayapepesi.

Akajaribu kwenye marekani iliyokunjwa mara mbili, akakigeuza kitambaa. Upande wa chini ulijaa vitanzi. Mimi ningeulaumu uzi wa chini, lakini yeye alikaza nati ya uzi wa juu, kidogo sana. Mara ya pili mshono ulilala sawa pande zote mbili.

Tunawasifu waunda majahazi wa Matondoni na wachonga milango, na wanastahili. Huyu naye namweka safu hiyo hiyo, ingawa akimaliza kazi yake hakuna jipya la kuonyesha wageni.

Kama kwenu ipo cherehani iliyofunikwa shuka ukumbini, msiiuze ikang'olewa miguu ya kutengenezea meza. Ipelekeni kwa fundi, na mtoto mmoja aende nayo, akamshikie tochi.