Alec Guinness: ndevu za bandia na mwendo wa kweli

Katika Kind Hearts and Coronets, filamu ya studio za Ealing ya mwaka 1949, ukoo wa D'Ascoyne umekusanyika kanisani, na mwigizaji Alec Guinness yumo mara sita ndani ya picha moja. Kompyuta hazikuwapo. Mpigapicha Douglas Slocombe aliikaza kamera isitikisike, akaziba sehemu kubwa mbele ya lenzi na kuacha upenyo wa mtu mmoja. Guinness akiisha kuigiza, mkanda ulirudishwa nyuma, upenyo ule ukazibwa na mwingine ukafunguliwa, naye akaenda kubadili maleba. Usiku Slocombe alilala studio, karibu na kamera, asije mtu akaigusa. Ingesogea kidogo tu, kazi yote ingeharibika.

Huo ni ufundi wa Slocombe. Wa Guinness ni mwingine, na kwangu ndio mgumu zaidi: wanaukoo hao aliowaigiza hawafanani. Ndevu zinasaidia, sawa, lakini mtazame amiri anayezama na meli yake. Amesimama wima, mkono kwenye kofia, maji yanapanda, shingo haitikisiki. Kichekesho chote kimo katika ugumu wa shingo ile.

Mapambo ya uso yalipotangulia, mambo yaliharibika. Fagin wake, Myahudi katika Oliver Twist (1948), alibandikwa pua kubwa kiasi kwamba Wayahudi walilalamika, na Marekani filamu haikuoneshwa hadi 1951. Profesa Godbole wa A Passage to India (1984), Mwingereza aliyepakwa rangi awe Mhindi, hakubaliki hata kidogo ukimtazama leo.

Sasa njoo kwenye The Bridge on the River Kwai (1957), iliyompa Oscar. Kanali Nicholson wake, mfungwa wa vita, anatolewa katika kibanda cha adhabu, kinachochomwa na jua kutwa, na kupelekwa kwa kamanda wa Kijapani. Magoti hayana nguvu, miguu inakwenda kombo, lakini kiwiliwili kinalazimisha gwaride. Mwendo huo Guinness aliutoa kwa mwanawe, Matthew, aliyekuwa amejifunza kutembea upya baada ya kuugua polio. Hapo hakuna pua wala ndevu za bandia, na bado kanali unamjua kabla hajafungua kinywa.

Kufikia 1979, alipoigiza jasusi George Smiley kwenye televisheni ya BBC, alikuwa amepunguza karibu kila kitu. Kabla ya kuigiza, mwandishi wa hadithi hiyo, John le Carré, alimkutanisha na Maurice Oldfield, mkuu mstaafu wa ujasusi wa Uingereza, wakala chakula cha mchana pamoja. Mwigizaji akamchunguza mavazi na vitendo vyake vidogo vidogo. Mtu huyu aliyekuwa Hamlet katika jukwaa la Old Vic mwaka 1938, ambako sauti sharti ifike viti vya nyuma, hapa anakaa kimya dakika nzima huku wenzake wakijieleza. Anavua miwani, anaifuta polepole, anaivaa. Anayehojiwa haustahimili ukimya huo, anaongeza sentensi ambayo hakukusudia kuisema.