Nasaba Katika Vumbi la Maua

Katika sanaa zote walizozibuni wanadamu ili kuzipambanua nasaba za mimea, siioni iliyo latifu kuliko hii ya kusoma chavua, lile vumbi ambalo nyuki hulibeba miguuni na mpita njia hulipangusa nguoni pasina kujua kwamba kila chembe yake imetiwa nakshi ya ukoo wake. Nakshi hizo zimo katika ganda la nje, lililoumbwa kwa dutu ngumu ajabu iitwayo sporopolenini. Na kwa ugumu huo, ua lililokaushwa na kuhifadhiwa katika karatasi tangu enzi za mababu laweza kutoa ushahidi leo sawa na lililochumwa asubuhi.

Gunnar Erdtman wa Sweden, aliyetoa mwaka 1952 kitabu kikubwa juu ya chavua na uainishaji wa mimea, ndiye aliyeieneza njia ya kuitayarisha. Chavua husafishwa kwanza kwa asidi ya asetiki hata isibaki dalili ya maji, kwani maji yakikutana na dawa inayofuata hufoka kwa ghadhabu. Kisha hutiwa anihidridi ya asetiki sehemu 9 na tindikali ya salfa sehemu 1, ikapashwa moto, na kila kilicho laini kikateketea, likabaki ganda tupu la rangi ya kahawia. Hapo ndipo kazi ya jicho inapoanza: msomaji huizungusha parafujo ya hadubini kwa taratibu, na kinundu kilichoinuka humwonekea cheupe kwanza, kisha cheusi kadiri lenzi inavyoshuka, hali kishimo hufanya kinyume, na kwa zamu hizo za nuru na giza huyajua mabonde na vilima vya kitu kisichofika hata sehemu ya kumi ya milimita.

Mfano ulio karibu nasi ni mgunga na kikwata, ambayo kwa vijani vyake vidogo na miiba isiyomhurumia mchungaji ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya jenasi moja, Acacia. Mtu angedhani miiba yatosha kuitenga, ya mgunga ikiwa imenyooka na ya kikwata imepinda. Lakini upo mgunga, na ni mwingi katika nchi kavu za Kenya na Tanzania, wenye miiba ya namna zote mbili katika tawi moja. Chavua haibabaishi hivyo. Kote kuwili chembe hushikamana kwa mafungu, aghalabu 16, nane za katikati na nane za pembezoni. Ila za mgunga zina mifuo iliyochongwa juu ya ganda, na ndani ya ganda mna nguzo ndogo zinazolibeba dari lake mithili ya baraza za nyumba za mwambao, na za kikwata zina vitundu tu, bila ya nguzo. Mfaransa Philippe Guinet aliyaeleza mambo ya chavua ya jamaa hii katika kitabu kilichotolewa Pondichéry mwaka 1969, na uchunguzi wa vinasaba uliokuja baadaye ukaafiki utengano huo. Leo mgunga ni Vachellia na kikwata ni Senegalia, jina la Acacia likiwa limeachiwa miti ya Australia tangu mkutano wa Vienna wa 2005, hukumu ambayo mimi sijairidhia, japo elimu iliyotangulia hukumu hiyo siipingi.

Si kila ukoo unaosema kwa ufasaha huo. Nyasi, tangu ukoka hata mtama, chembe zake ni za mviringo, zenye tundu moja na ganda jororo, na bingwa aghalabu hukomea kusema kwamba ni nyasi, basi. Tena viko vipimo, navyo vina hila: chembe iliyowekwa katika jeli ya gliserini huvimba kadiri inavyokaa, kwa hiyo fundi mwaminifu, apewapo vioo viwili alinganishe ukubwa wa chembe, huuliza kwanza zimewekwa katika nini, na tangu lini, kabla hajainamia hadubini.