Nuru inaona majani, haioni mizizi

Wenzangu wasomi, kila wiki mmoja wetu anatuletea programu mpya ya kilimo. Hii inatambua magonjwa kwa picha, ile inapima udongo kutoka satelaiti, ingine inajibu kila swali. Tunaandika "iko muzuri sana", tunapita. Hakuna mutu anauliza: ikifika Bule, huku milimani Djugu, kwenye rezo inashika asubuhi na mangaribi imeshapotea, kwenye mama analima kashamba ka kukopa kwa sababu lake aliliacha akikimbia, itamsaidia nini? Vitabu viko na wahakiki wao. Programu nazo zinapashwa kuhakikiwa. Leo nitasema juu ya moja kwa kirefu na ingine kwa kifupi.

Ile ya kwanza ni PlantVillage Nuru. Ilitengenezwa na timu ya David Hughes wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao yake Ibadan, Nigeria. Unaifungua, unaelekeza kamera kwa jani la muhogo, inakuambia: mozaiki, ao michirizi kahawia, ao utitiri wa kijani, ao jani zima. Inajua pia kiwavijeshi cha mahindi na magonjwa ya viazi vya kizungu. Ni bure.

Nianze na sifa, kwa sababu inazistahili. Nuru haihitaji rezo wakati wa kazi. Akili yake yote iko ndani ya telefoni. Unaishusha mara moja ukiwa Bunia, unapanda moto, unafika Bule bila mega hata moja, na inafanya kazi katikati ya shamba. Programu nyingi zinazosifiwa hapa zimetengenezwa na watu ambao kwao rezo ni kama hewa. Hii ilitengenezwa na watu wanaojua kama hewa hiyo inakatika. Kwa mimi hiyo njo alama ya kwanza ya chombo kizuri.

Sifa ya pili: walioitengeneza waliipima na wakatoa namba wazi. Utafiti uliochapishwa 2020 uliweka Nuru, wakulima na maafisa wa kilimo mbele ya matatizo yale yale matatu ya muhogo, mozaiki, michirizi kahawia na uharibifu wa utitiri wa kijani. Wakulima walipata kati ya asilimia 18 na 31. Maafisa, yaani watu kama sisi wenye diplome ukutani, walipata kati ya 40 na 58. Nuru, kwa jani moja, ilipata 65. Ikiangalia majani sita ya shina moja, ilipanda mpaka kati ya 74 na 88.

Tusome hizo namba polepole, kwa sababu wengi wanashika ile ya mwisho tu. Asilimia 65 ina maana kwamba majani 100 ukiyapiga moja moja, karibu 35 unapewa jibu la uongo. Majani sita ya shina moja yanapunguza uongo, hayaumalizi. Sasa angalia namna tunaitumia: mutu anapiga jani moja, lile baya kuliko yote, anaonyesha mwenye shamba kioo cha telefoni, analipwa heshima, anaenda. Hapo kosa si la programu, ni letu. Lakini chombo kizuri kingekataa kutoa jibu mbele ya jani la sita. Mutu wa shamba anaamini kitu chenye mwanga na jina la Kiswahili. Hata jina "Nuru" lenyewe linaahidi mambo mengi.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Nuru inaona majani. Michirizi kahawia, ule ugonjwa wa virusi, hasara yake iko chini. Dalili zake kwa majani zinaonekana zaidi kwa yale ya chini, yaliyokomaa, ambayo mara ingine yameshaanguka. Kuna aina za mihogo zenye majani mazuri kabisa juu, na ukikata mzizi unakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hakuna fufu itatoka mule. Kamera itasema "nzima", na haidanganyi juu ya jani. Inadanganya juu ya chakula.

Na usiseme kwamba Bule iko juu sana kwa ugonjwa huo. Zamani iliandikwa kwamba michirizi kahawia ni ya pwani na mahali pa chini, haivuki metre 1000. Tangu 2004 ilionekana Uganda, ngambo ya Ziwa Albert, juu ya kimo hicho. Virusi vyake vinabebwa na inzi weupe, lakini vinasafiri mbali zaidi kwa njia ingine: mabuture, vile vijiti vya kupanda ambavyo mutu anafunga juu ya kichwa.

Huku kwetu vijiti vinasafiri sana, kwa sababu watu wanasafiri sana, na si kwa kupenda. Kila mmoja anajua Djugu imepitia nini. Usiku wa 1 Februari 2022, kwenye kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, zaidi ya watu 50 waliuawa, watu ambao walikuwa wameshakimbia mara ya kwanza. Familia inayokimbia inaacha mbegu. Ikirudi ao ikipewa kashamba kando ya kambi, inaomba mabuture kwa jirani, naye aliyapata kwa mwingine. Shamba moja linazaa mashamba kumi.

Kwa hiyo makosa mawili ya Nuru hayana uzito mmoja. Ikisema "mgonjwa" kwa shina zima, mama anangoa shina moja bure. Ikisema "nzima" kwa shina gonjwa, anakata vijiti, anagawia ndugu kumi, na mwaka unaofuata, ao ule mwingine, nyumba kumi zinachimba mizizi iliyooza. Asilimia 88 haikuambii kosa lililobaki liko upande gani. Mhakiki anapashwa kuuliza, na sisi tunaofundisha watu kuitumia tunapashwa kuuliza mbele ya wote.

Dawa si kutupa telefoni. Dawa ni kisu. Mbele ya kuchukua mabuture kwa shamba, piga majani sita ya shina moja, fanya hivyo kwa mashina mengi, kisha chimba machache na kata mizizi vipande vipande. Ukiona kahawia, hapo hatutoi mbegu, hata Nuru iseme nini. Jioni mizizi mizima inaingia kwenye sufuria, hakuna kilichopotea.

Nina malalamiko mawili madogo. Kiswahili cha programu hizi ni cha Tanzania. "Batobato" na "utitiri" ni maneno mazuri, lakini hapa mkulima anajua "mozaiki", na wazee wengi hawasomi kabisa. Sauti ya mutu ingesaidia kuliko maandishi. Lingine: programu inaomba kujua mahali telefoni iko. Kwa mtafiti hiyo ni karta ya ugonjwa. Kwa Djugu, kuonyesha mahali watu wanalima na saa wanalima si jambo la kuchezea. Elezea mwenye shamba kwanza, halafu yeye aamue.

Ya pili ni iSDAsoil, karta ya udongo ya Afrika iliyotoka 2020. Unagusa mahali, inakupa pH, azoti, kaboni na vingine, kwa kila mraba wa metre 30 kwa 30. Hiyo ni metre mraba 900, karibu sawa na mashamba mengi ya huku. Inavutia sana! Lakini namba ile haikutoka kwenye udongo wako. Ni makisio ya kompyuta, kutokana na sampuli za mbali na picha za satelaiti. Kwenye mlima unaokatwa na mvua, udongo wa juu na wa chini ya shamba moja ni vitu viwili. Itumie kuuliza swali, usiitumie kununua mbolea.

Ya tatu ni hizi programu za kuongea nazo, kama ChatGPT iliyotoka mwishoni mwa 2022. Zinaandika Kifaransa kizuri kuliko cha promosheni yetu yote. Ukiuliza kipimo cha dawa ya mildiou kwa viazi, zinajibu bila kusitasita, hata kwa dawa isiyouzwa Bunia. Nuru angalau inajua magonjwa machache na inanyamazia mengine. Hizi hazijui kunyamaza, na kipimo cha dawa ni jambo la afya ya mutu. Soma kibandiko cha chupa.

Kama unataka chombo cha kuweka leo kwenye telefoni, weka Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima ndani ya karta ya memori. Haisemi kitu juu ya shamba lako, na haijifanyi kama inasema. Inakupa kitabu, kusoma ni kazi yako.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya TFC, iko moja hapa, haiombi laboratware ya pesa nyingi. Chagueni mashamba 30 kati ya Bunia na Bule, pigeni majani sita kwa kila shina, andikeni jibu la Nuru, kisha chimbeni na kateni. Hesabuni mara ngapi ilisema "nzima" juu ya mzizi uliooza. Namba hiyo njo tunahitaji mbele ya kugawa mabuture ya msimu unaokuja, na Penn State hawawezi kuja kutuhesabia.