Kompyuta kuukuu huishia mikononi mwa nani?

Kampuni zenye mipango ya kupokea kompyuta kuukuu hupenda kujipima kwa uzito. Mwaka 2013 Dell ya Texas iliahidi kwamba hadi mwaka 2020 itakuwa imekusanya ratili bilioni 2 za vifaa vilivyotumika, takribani tani 900,000, na ilifikia lengo hilo mapema. Ni shehena kubwa, na juhudi hiyo inastahili heshima. Ila mizani huonyesha kilichoingia ghalani tu. Lori likishatoka ghalani limeelekea wapi? Mipango hii huharibikia hapo, na historia ya Dell yenyewe inaonyesha jinsi gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta ambazo Dell ilizipokea zilipelekwa kwa UNICOR, shirika la serikali ya Marekani linalowafanyisha kazi wafungwa wa magereza ya shirikisho. Kazi yao ilikuwa rahisi kwa bei. Mwaka 2003 wanaharakati wa Silicon Valley Toxics Coalition walitoa ripoti iliyolinganisha gereza la Atwater, California, na kiwanda cha Roseville katika jimbo hilohilo, kilichohudumia HP. Roseville kulikuwa na mitambo ya kusaga. Atwater wafungwa walipasua skrini za chogo kwa nyundo, na kioo cha skrini hizo kimejaa madini ya risasi. Julai mwaka huo Dell iliachana na UNICOR. Mwaka 2010 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alithibitisha kuwa kazi hiyo ilikuwa imewaweka wafungwa na askari wao kwenye hatari ya risasi na kadmiamu. Nafuu ya bei ile ililipiwa na mapafu ya watu ambao hakuna aliyewauliza.

Yaliyofuata yalikwenda haraka: ushirikiano na Goodwill, shirika la hisani lenye maduka ya mitumba, ulianza mwaka 2004, mwaka 2006 Dell ikatangaza kupokea bure bidhaa zake, na Mei 2009 ikapiga marufuku kusafirisha vifaa vibovu kwenda nchi zinazoendelea. Marufuku hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu Marekani haijauridhia Mkataba wa Basel unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi. Sheria ilipoacha pengo, ahadi ya kampuni ndiyo iliyobaki kuliziba.

Mafanikio makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka 2014 na kompyuta ya OptiPlex 3030. Baadhi ya sehemu zake za plastiki zilitengenezwa kwa plastiki ya kompyuta zilizokufa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Magamba ya kompyuta huwa ya plastiki za aina nyingi, na baadhi yake zina kemikali za bromini za kuzuia moto. Ukizichanganya ovyo unapata malighafi dhaifu isiyofaa kitu. Kwa hiyo vifaa vilivyokusanywa kupitia Goodwill vilipangwa na kuchambuliwa na kampuni ya Wistron huko Texas, kisha plastiki safi ikapelekwa China, ikachanganywa na plastiki mpya kiasi kwamba ile ya zamani ilikuwa kama asilimia 35, na kumiminwa kwenye kalibu. Angalia kilichobadilika. Kampuni ilikuwa sasa inaihitaji malighafi hiyo irudi kwake, hivyo kuifuatilia njia nzima kukawa faida yake yenyewe. Mkaguzi hakuhitajika kuisukuma.

Kwa sehemu zisizohitajika kurudi, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2016 shirika la Basel Action Network, kwa kushirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha MIT, ilichapisha matokeo ya vifaa 200 vibovu, vikiwemo printa na skrini, vilivyofichwa vinasa-mahali ndani yake na kukabidhiwa vituo vya kupokea nchini Marekani. Karibu theluthi moja vilivuka mipaka, vingi vikiishia kwenye yadi za Hong Kong. Vichache kati yake vilikuwa vimepokewa kupitia mpango wa Dell na Goodwill, wakati marufuku ya mwaka 2009 ikiwa bado inafanya kazi kwenye karatasi. Sababu ni hesabu tupu. Skrini bapa za kizazi kile zina taa nyembamba zenye zebaki, na kuzitoa kwa mkono bila kuzivunja hula muda. Mchakataji mwaminifu anapoteza fedha kwa kila skrini. Dalali mwenye kontena anamlipa. Mkandarasi wa kwanza anaweza kuwa safi kabisa, na wa tatu akauza.

Hata hapa Afrika Mashariki safari ya kifaa haiishii kiwandani. Desemba 2013 Dell ilisaidia kufungua kiwanda cha East African Compliant Recycling karibu na Nairobi. Kuvunjavunja vifaa kwa mkono kunawezekana hapa, tena kwa ufanisi. Bodi za saketi ndizo tatizo: dhahabu, fedha na paladiamu zilizomo hutolewa salama kwenye matanuri kama la Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, na Afrika Mashariki haina tanuri la aina hiyo. Kwa bodi, basi, kuzisafirisha nje ndiyo njia sahihi, mradi anayezipokea ajulikane.

Ofisi ya Nairobi au Dar es Salaam inayotoa kompyuta zake leo hupewa cheti kinachotaja kilo. Idai kinachotaja namba ya kila mashine, jina la kila aliyeishika baada ya mkandarasi wa kwanza, na tanuri lililopokea bodi zake, na malipo ya mwisho yasitoke kabla cheti hicho hakijafika.